Kuhudhuria bila nauli

Mjadala wa mitandao ya kijamii ukianza hapa Dar es Salaam, kwenye daladala ya Gongo la Mboto au kwenye kipindi cha redio cha asubuhi, haupiti muda ulevi haujatajwa. Vijana wamelewa simu. Akina mama wamelewa magrupu. Fulani kaunguza maharage kwa sababu ya TikTok. Maelezo haya yana utamu wake, hasa kwa sisi tuliochelewa kuingia, maana yanatupa cheo cha watu wenye akili timamu bila kutugharimu kitu. Unakaa na kitochi chako mfukoni, chaji inadumu wiki, unawatazama wenzako walivyoinamia vioo, unatikisa kichwa.

Ila maelezo hayo yana tobo kubwa: hayasemi imekuwaje sisi wachelewaji tukaishia humo humo. Mlevi huanza kwa kuonja. Mimi sikuonja, niliburutwa. Na kila ninapozungumza na watu wa rika langu, wastaafu wa Tabata, mafundi wa Buguruni, akina mama wa vikoba vya Mbagala, naona wengi waliburutwa kwa kamba ile ile.

Kamba yenyewe ni shughuli. Harusi, msiba, arobaini, kipaimara, maulidi, kicheni pati. Binamu yangu alifariki usiku wa Jumatano, na taarifa ikawekwa kwenye grupu la ukoo kabla hakujakucha: msiba uko kwa nani, mchango wa usafiri ni kiasi gani na utumwe namba ipi, basi linaondoka saa ngapi kwenda Muheza. Kila kitu kilipangwa humo, kwa utaratibu kuliko vikao tulivyozoea. Mimi nikaja kuambiwa Ijumaa jioni, na aliyeniambia ni muuza genge aliyedhani nimesharudi kuzika. Nilipompigia mpwa wangu kumuuliza imekuwaje, akaniamkia, kisha akastaajabu kweli kweli. "Mjomba, si iko kwenye grupu? Tulijua umeiona." Hakukuwa na ubaya kwenye sauti yake. Kwake yeye habari ilikuwa imeshatolewa, kama zamani ilivyotosha tangazo la kifo kusomwa redioni. Kwa mtu wa umri wangu, kutoonekana kwenye mazishi ya binamu ni jambo watu watalikumbuka kuliko deni, na hakuna atakayekubali kisingizio cha kitochi. Arobaini haijafika nilikuwa nimeshanunua simu janja Kariakoo. Mpwa akanifungulia kila kitu, akanipiga picha nimenuna, akaiweka hiyo hiyo iwe sura yangu huko ndani.

Kuingia kwangu basi hakuna cha kueleza zaidi ya hapo. Kubaki ndiko kunakohitaji maelezo. Msiba hautokei kila siku, na ule mkono unaoenda kwenye simu asubuhi kabla ya chai hautafuti habari za dunia. Hizo redio inatosha.

Wanaoshikilia ulevi wana ushahidi, na siudharau. Ukurasa usio na mwisho, ule unaojiongeza wenyewe kila ukisukuma kidole, ulibuniwa mwaka 2006 na Mmarekani Aza Raskin, ambaye baadaye alijitokeza hadharani kuujutia. Kitufe cha dole gumba cha Facebook kilianza Februari 2009. Kampuni hizi huuza matangazo, na matangazo hulipiwa kwa macho, kwa hiyo kila kitu humo kimechorwa ili jicho lisibanduke. Sawa. Lakini itazame programu iliyoishika Dar kuliko zote. WhatsApp iliasisiwa mwaka 2009 na Jan Koum na Brian Acton, watu wawili waliokuwa wafanyakazi wa Yahoo. Kwa miaka mingi haikuwa na tangazo hata moja. Haikuwa na ukurasa usio na mwisho, na hata kuweka dole chini ya ujumbe wa mtu kulikuja mwaka 2022. Zilikuwa barua tu, zinazokwenda haraka. Kwa kipimo cha wataalamu wa ulevi, hiyo ndiyo ilipaswa kutuchosha mapema. Badala yake imeingia kila mahali, kuanzia ofisi za Posta hadi vibanda vya chipsi vya Mwananyamala, na mwaka 2014 Facebook ikainunua kwa takriban dola bilioni 19 za Marekani.

Ufundi wa Marekani unaeleza kwa nini kidole hakisimami. Kwa nini kilianza ni habari nyingine, na hiyo ni ya kwetu. Watu wa Dar walipopewa dunia nzima mkononi walikimbilia kuunda grupu la ukoo, grupu la waliomaliza pamoja darasa la saba, la mtaa, la jumuiya, la msikiti, la kikoba, la waliowahi kufanya kazi kwenye kiwanda kilichokwisha kufungwa. Dunia nzima, nao wakachagua watu waliokuwa wanawajua tayari.

Wa rika langu wanaikumbuka Redio Tanzania Dar es Salaam. Huku Bara ndiyo iliyokuwa redio yetu hadi miaka ya 1990 zilipokuja za binafsi, na televisheni hatukuwa nayo mpaka 1994. Redio hiyo ilikuwa na vipindi vya salamu. Unapata kadi, unaijaza jina lako na mahali ulipo, unawaorodhesha unaowasalimu, unamalizia na ujumbe, unaituma kwa posta au unaipeleka mwenyewe redioni, Barabara ya Pugu, ambayo siku hizi ni Barabara ya Nyerere. Kisha unasubiri. Siku moja mtangazaji anasoma: fulani, akiwa Kigogo, anawasalimu wazazi wake Kilosa, shemeji yake Mwanza, kaka yake aliye jeshini, na wote wanaomfahamu, ujumbe wake, subira yavuta heri. Imekwisha. Jioni mtaa mzima unakuja kukuambia umetajwa.

Tupime kilichosemwa pale. Wazazi wa Kilosa hawakuambiwa kama mtoto wao kapata kazi au kafukuzwa, kaoa au bado. Subira yavuta heri walikuwa wanaijua tangu utoto. Lakini walitajwa, tena na mtoto wao, mbele ya nchi. Kulikuwa na watu waliokuwa maarufu kwa kutuma salamu tu. Majina yao yalijulikana mikoani na hakuna aliyejua sura zao wala shughuli zao. Magazetini nako kulikuwa na safu za kutafuta marafiki: picha ndogo, jina, umri, sanduku la posta, kisha mambo anayopenda, ambayo karibu kila mara yalikuwa kusikiliza muziki, kutazama mpira na kubadilishana mawazo. Nikitazama kurasa za vijana huko Facebook sioni kilichoongezeka hapo zaidi ya rangi. Halafu simu za mkononi ziliposhuka bei tukaanza kubipu, na nusu ya bipu zile hazikuomba kupigiwa. Zilisema nipo, nimekukumbuka, usipokee.

Kwa hiyo waya wa SEACOM, ule wa intaneti unaopita chini ya bahari, ulipofika kwenye pwani yetu Julai 2009, na Tigo ilipowapa wateja wake Facebook ya bure kwa Kiswahili mwaka 2014, havikuwakuta watu wanaosubiri kufundishwa utamaduni mpya. Viliwakuta watu ambao kadi zao zilikuwa bado kwenye foleni Barabara ya Pugu.

Halafu kuna mji wenyewe. Sensa ya 2002 iliikuta Dar es Salaam ina watu takriban milioni 2.5, ya 2022 ikawakuta zaidi ya milioni 5.3. Mji mwingine mzima umeongezeka, na kwa sehemu kubwa haukwenda juu, ulitambaa. Ukoo uliokuwa unakaa Magomeni na Ilala, mtu anatoka kwa dada anaenda kwa kaka na ndala zake, leo una mmoja Bunju, mmoja Chanika, mmoja Chamazi, mmoja kavuka daraja kaenda Kigamboni, kila mtu alikopata kiwanja. Usafiri wa mabasi ya mwendokasi ulianza 2016 na wa Kimara wanajua ulichowasaidia, lakini mtu wa Bunju anayetaka kumjulia hali mgonjwa Chanika siku ya kazi anaaga kabisa nyumbani. Ataunganisha magari, atasota Mwenge, atasota Buguruni, na akifika ni saa ya kugeuza. Mila inamtaka aende na barabara inamkatalia.

Hapo ndipo ninapouona mvuto wa kitu hiki kwa mtu wa Dar: kinamwezesha kuhudhuria bila nauli. Ukiandika "poleni sana wafiwa, tuko pamoja" umeketi kitandani, umefika msibani. Jina lako liko kati ya waliofika. Mwenye msiba atakapopata nguvu ya kushika simu atapita jina kwa jina, na lako atalikuta.

Najua kuna wanaocheka hapa. Wanasema pole za grupu ni za kunakili na kubandika, watu arobaini wameandika "Mungu amlaze mahali pema peponi" bila kubadilisha hata herufi, mmoja kabandika na jina la marehemu wa wiki iliyopita. (Hilo la mwisho nimeliona kwa macho yangu. Lilifutwa haraka, lakini si haraka vya kutosha.) Kwao huo ni ushahidi kwamba upendo umekuwa wa mashine. Nadhani wamesahau tunavyosalimiana. Shikamoo, marahaba, hujambo, sijambo, habari za nyumbani, njema, watoto, hawajambo: lini kulikuwa na la kubuni hapo? Nani aliwahi kumlaumu mtoto kwamba shikamoo ya leo ni ile ile ya jana? Pole ya msibani, hata ile ya kushikana mikono uso kwa uso, haikuwahi kuwa mahali pa mtu kuonyesha kipaji. Uzito wake uko kwenye kuitoa. Mwenye kutaka maneno mapya kila msiba huenda hajafiwa bado.

Hasara niliyoiona iko upande mwingine, na haizungumzwi sana. Misiba bado inajaa, na Jumamosi za harusi bado huegeshi gari Sinza. Kilichopungua ni kupita tu. "Nilikuwa napita nikasema nikusalimie" ni sentensi ambayo sijaisikia mlangoni kwangu muda mrefu. Watu wanauliza kwanza kwa ujumbe kama upo, na ukijibu upo, wanasema haya tutaonana, wakiwa wameridhika kabisa.

Mahali pa kukiona kitu hiki kwa karibu, utamu wake na makali yake pamoja, ni grupu la kamati ya harusi. Zamani kadi ya mchango ililetwa kwa mkono, na mtu mwenye akili alijua jinsi ya kutokuwepo nyumbani. Siku hizi unaamka unakuta umeshaunganishwa. Kuna mwenyekiti, katibu, mweka hazina, na picha ya maharusi wametazama upande. Kila jioni mweka hazina anatuma orodha upya, kila mtu na mstari wake: "14. Mama Asha Kinyerezi, ahadi 100,000, katoa 40,000, bado 60,000." Aliyemaliza anawekewa tiki ya kijani na mikono miwili ya kushukuru. Ambaye hajaahidi anaachiwa nafasi wazi mbele ya jina lake, na hakuna tusi kwenye Kiswahili linalofikia ukali wa nafasi ile. Chini ya orodha wanafuata wa kupongeza: hongera sana Baba Neema, umetuheshimisha. Baba Neema hajibu haraka. Anaacha zijae kwanza.

Nimeona watu wenye heshima zao wakipandisha ahadi saa nne usiku kwa sababu shemeji wa upande wa pili amepandisha. Nimeona pia mtu aliyejitoa kwenye grupu kimya kimya, akidhani anaondoka kama mtu anavyotoka ukumbini kwenda msalani, mashine ikaandika pale katikati, mbele ya wote, kwamba fulani ameondoka. Palikuwa na ukimya wa kama dakika tano hivi. Kisha katibu akaandika: "Tuendelee na ajenda." Siku hizi programu hiyo imerekebishwa, mtu akitoka wanaarifiwa maadmini tu, na wenye dhiki wameshukuru. Ila katibu naye ni admini.

Ukiuliza kama mtu huyu anafurahia grupu lile au amefungwa nalo, swali halina jibu. Aliyepongezwa jana ndiye anayeogopa orodha ya leo. Raha ya kutajwa na hofu ya kutotajwa zinaletwa na ujumbe mmoja.

Mwaka jana tulipata kipimo ambacho hakuna aliyekiomba. Oktoba 29, 2025, siku ya uchaguzi mkuu, intaneti ilizimwa nchini na ikakaa hivyo kwa siku kadhaa, na hapa Dar kukawa na amri ya kutotoka nje usiku. Tulikuwa tumeshaonja kidogo: uchaguzi wa 2020 mitandao kadhaa ilikuwa haifunguki na hata wazee wakajifunza maana ya VPN, ile njia ya kukwepa kizuizi cha mtandao, na mtandao wa X ulifungwa tangu Mei 2025. Hii ilikuwa nyingine. Kama maelezo ya ulevi ni kamili, basi watu waliofungiwa ndani na simu zisizo na kitu wangelilia vichekesho, video na umbea. Sikumsikia hata mmoja akilia hivyo. Kila niliyezungumza naye alikuwa anahesabu watu: fulani karudi, fulani hajapatikana, fulani wa Kimara yuko wapi. Tukarudi kwenye kupigiana simu ya kawaida, kila mtu anaulizia watu wawili watatu kwa kila anayempata, kazi ambayo grupu la ukoo huimaliza kwa "tuko salama" moja. Intaneti iliporudi, kabla ya habari na kabla ya picha, magrupu yalijaa majina.

TikTok na Instagram nitazipita, na si kwa dharau. Kule unawatazama watu usiowajua na wao hawakujui. Hiyo ni televisheni iliyopunguzwa ikatosha kiganjani, na wasanii wake, matangazo yake na magomvi yake, yale yaliyokuwa yanauza magazeti ya udaku. Wajukuu wananionyesha, nacheka panapochekesha. Huko habari ya ulevi ina mashiko yake yote na sina ugomvi nayo. Kosa ni kuviita vitu viwili jina moja, halafu kukitibu kimoja kwa dawa ya kingine. Ukimwambia mama wa Mbagala apumzike na mitandao kwa wiki nzima, unamwambia asiende msibani wiki nzima.

Sasa bei yake. Bando ni bei, na wote tunalilalamikia, lakini kuna kitu kingine tulichokitoa ambacho hakina risiti.

Waliokulia Magomeni, Ilala, Kariakoo au Temeke wanazijua nyumba za vyumba sita: korido katikati, vyumba vitatu huku, vitatu kule, uani kuna jiko, bafu, choo na bomba moja la wote. Kuta hazifiki darini. Kila kikohozi ni cha nyumba nzima. Watu waliishi humo miaka ishirini bila kuuana, na siri yake ilikuwa kutosikia. Mume na mke wa chumba cha tatu wanagombana usiku kucha; asubuhi mnakutana bombani, umeamkaje, salama, wewe je, salama. Kodi ya mtu inadaiwa kwa sauti koridoni na wapangaji watano wanazama ghafla kwenye kuchambua mchele. Si kwamba hawakujua. Walijua yote. Walichompa mwenzao ni nafasi ya kuamini kwamba hawakujua, na yeye akawapa wao hivyo hivyo zamu yao ilipofika.

Hata vita vya uani vilikwenda kwa utaratibu huo. Mtu ana lake moyoni, anakwenda dukani, anachagua doti ya khanga yenye maneno ya kukuchoma, anajifunga, anapita mbele ya mlango wako anapeleka maji. Ujumbe umefika. Lakini wewe una haki ya kutosoma. Unaendelea kusuka mkeka wako, na hakuna mahakama duniani itakayothibitisha kwamba macho yako yalishuka kwenye pindo. Kesho mnaombana chumvi.

Statasi ya WhatsApp, iliyokuja kwa sura hii ya picha mwaka 2017, ni khanga hiyo hiyo. Ukitaka kujua nani kagombana na nani mjini hapa, soma statasi za Jumatatu asubuhi: "Kuna watu unawalisha wakishiba wanakusema." Hatajwi mtu, na kila mtu anajua anayesemwa. Ila sasa mwenye kijembe ana orodha. Anaifungua jioni na kuona aliyepita, na saa aliyopita, na akikuta wifi yake kapita saa nane na robo usiku, basi ana neno. Haki ya kutosoma imekwisha. Kula chabo kulikuwa kwa mchungulia peke yake. Sasa anayechunguliwa ndiye mwenye ushahidi.

Tiki za buluu zilifanya hivyo hivyo kwa ujumbe wa kawaida, Novemba 2014. Kabla yake ulikuwa na jibu la kistaarabu kwa kila ombi la mkopo: sikuuona ujumbe wako, ndugu yangu. Anayeomba alijua kwamba uliuona. Wewe ulijua kwamba anajua. Na mkabaki ndugu, maana hakuna aliyelazimika kusema hapana wala kuisikia. Tiki mbili za buluu zimeondoa mlango huo wa uani. Sasa ama unampa, ama unamnyima, na kunyamaza nako kunasomeka kuwa ni kunyima. Nikihesabu ugomvi uliozuka kwenye ukoo wetu tangu niingie humo, karibu wote hautokani na neno lililosemwa. Unatokana na mtu kuonekana ameona na hakusema.

Hili ndilo ambalo ningependa wachambuzi wetu walipatie nusu ya muda wanaoupa ulevi. Marekani, zilikotengenezwa programu hizi, huenda kujua kama barua imesomwa ni huduma nzuri. Kwetu, kwa watu waliozoea kubanana na kuishi kwa kufumbiana macho, huko ni kung'oa ukuta. Na ajabu yake ni kwamba kuhudhuria bila nauli kunauhitaji ukuta huo ung'oke. Pole yangu ina thamani kwa sababu inaonekana ni yangu na imefika. Siwezi kuitaka ionekane, kisha nitake nisionekane siku ambayo sina la kutoa.

Kuna njia ya kati, na mpwa alinionyesha akiniasa nisiitumie. Unaweza kuzima tiki za buluu. Ukizima, anayekuandikia hajui kama umesoma, na wewe hujui kama wa kwako wamesoma, jambo ambalo naliona la haki. Kwenye statasi nako unapita huandikwi, na kwako wakipita huwaoni. Chabo imerudi kwa wenyewe. Kwenye magrupu haisaidii, tiki zinabaki, mweka hazina atakuona kama kawaida. "Lakini mjomba," akasema, "ukizima watu watasema una siri."

Nimezima. Dada yangu wa Chanika ameshapiga simu kuuliza nina nini.